Zulia Ambalo Mahrokh Hakulifuma

Arobaini ya Mama Tajmah ilikwisha mchana. Watu walisoma Fatiha, wakala halua, wakaondoka. Mahrokh alirudisha masinia kwa majirani, akaosha vikombe, kisha akaketi kwenye ngazi ya uani na kuvua viatu. Miguu ilikuwa imemvimba. Mbele yake bwawa dogo la uani lilikuwa limeota utando wa kijani, na majani ya mkomamanga yalielea juu yake. Alijua linahitaji kusafishwa, na alijua ni nani siku zote hulisafisha, lakini siku hiyo alilitazama tu kama mtu anavyotazama bwawa la watu wengine.

Na kweli lilikuwa karibu kuwa la watu wengine. Nyumba ile ya Kashani ilikwisha kupata mnunuzi, bwana mmoja aliyetaka kuifanya nyumba ya wageni, apake kuta upya na kuweka vitanda vya watalii katika chumba alichofia mama yake. Mahrokh alikuwa amekodi vyumba viwili ghorofani, karibu na kituo cha mabasi. Ukoo mzima ulimshangaa. Yeye mwenyewe hakuwa na maelezo, ila kwamba kule kulikuwa na lifti na hakukuwa na uani wa kufagia.

Giti, mdogo wake, alitoka jikoni akijifuta mikono. Huyu aliolewa Tehrani angali msichana, na tangu hapo alikuwa mtu wa kuja Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya, na kuondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alituma dawa, alipiga simu kila Ijumaa, na alipolia kwenye simu, Mahrokh ndiye aliyembembeleza huku ameshika beseni la mgonjwa kwa mkono mwingine.

"Dada, yamebaki mazulia," Giti alisema.

"Mjomba Yadollah anakuja kesho kuyatazama."

"Mama alisema wewe uchague kwanza."

"Alisema."

"Sasa?"

"Sasa kesho, Giti. Leo hata mto wa kulalia siwezi kuchagua."

Mahrokh alimwona Giti akigeuka kutazama mlango wa chumba cha wageni, na akaelewa. Mle ndani lilitandikwa zulia jekundu, kubwa kama chumba chenyewe, ambalo baba yao alilinunua alipokuwa bado na duka la vitambaa. Watoto hawakuruhusiwa kulikanyaga. Mwaka mzima lilikaa limefunikwa shuka, likafunuliwa Nairuzi na siku za msiba. Wageni walipoingia walishusha sauti. Giti alikuwa na binti, Armaghan, aliyekuwa anaolewa vuli hiyo, na mama mkwe wa binti huyo, kule Tehrani, alikwisha kuambiwa kwamba bibi harusi atakuja na zulia la Kashani la babu yake.

La pili lilikuwa katika chumba cha mgonjwa. Hilo halikununuliwa. Lilifumwa na Mama Tajmah pamoja na Mahrokh, na hakuna aliyewahi kushusha sauti kwa ajili yake.

*

Mjomba Yadollah alifika asubuhi akihema. Alikuwa ndugu wa mwisho wa mama yao aliyebaki hai, mzee mnene mwenye duka la mazulia katika soko kuu, na magoti yake yalikuwa yamechoka kupiga magoti juu ya bidhaa za watu. Alikunywa chai glasi moja na kipande cha sukari mdomoni, akaomba ya pili, akasema, "Haya, nionyesheni wagonjwa wangu."

Walilifunua shuka. Jua la dirishani liliangukia nyekundu ile, na hata Mahrokh, aliyelikung'uta vumbi zulia hilo kila mwaka, alivutiwa kidogo.

"Zuri," alisema Giti kwa sauti ndogo.

"Uso mzuri," alisema mjomba. "Mimi nyuso nilishaacha kuziamini. Wateja wanapenda nyuso. Anakuja mtu na mkewe, wanatazama ua la katikati, wanasema ah, wanafungua pochi. Nawaambia, jamani, ligeuzeni kwanza, mwone mgongo. Hawataki. Wanaona aibu, kama vile wanamvua mtu nguo." Aliteremka chini taratibu, akishika kiti. "Giti, njoo hapa. Shika pembe. Wewe ndiye unayetaka kuozesha, ujifunze."

Alimfundisha hivyo hivyo, akiwa ameketi sakafuni na miguu kainyoosha. Alimwonyesha kwamba zulia la mkono linasomeka mgongoni kama lilivyo usoni, kila jani mahali pake, na kwamba mafundo yakiwa madogo na yamebanana ndiyo mtu amekaa akafanya kazi, lakini wingi wake peke yake si kitu. Kuna mazulia ya wachungaji yana mafundo makubwa kama njegere, nayo ni mazuri kuliko mengi ya mjini. Alitoa leso nyeupe, akailowesha kwenye glasi ya maji, akasugua mahali pekundu. Leso ilibaki nyeupe.

"Rangi ya mizizi," alisema. "Hii haitoki. Ingekuwa ya dukani ungeona damu hapa. Sasa simama kule. Umeona lilivyo jeusi-jeusi? Njoo upande huu. Umeona lilivyopauka? Ni kwamba manyoya yamelala kuelekea upande mmoja, kama ya paka. Mnunuzi asipozunguka, atanunua zulia moja afike nyumbani akute jingine."

Giti alicheka kidogo. Mahrokh alikuwa amekaa mlangoni, amejiegemeza ukutani. Haya yote aliyajua tangu hajabalehe, na masikio yake hayakuwa na hamu nayo. Alikuwa akifikiria kulala.

Mjomba alitambaa hadi pembe ya dirishani. Hapo aliacha kuzungumza. Alikunja zulia kwenda nyuma, polepole, sikio lake likiwa karibu, kama daktari anayesikiliza kifua. Lilitoa mlio, mkavu, kama vijiti vinavyovunjika. Akasogea kidogo, akakunja tena. Mlio ule ule.

"Kitu gani hicho?" Giti aliuliza.

"Nyuzi za mtande. Zile zinazobeba mafundo yote." Mjomba alipitisha kiganja chini ya zulia. "Zimeoza. Lilikaa na maji hapa. Muda mrefu."

"Maji kutoka wapi? Chumba hiki hakiingii mvua."

Mahrokh ndiye aliyejibu. "Maua ya Mama. Kila baridi ikija alikuwa anaingiza vyungu vyake vya maua humu visife kwa theluji. Anavipanga hapo kwenye jua. Nilimwambia. Akaniambia zulia la Kashani linakunywa maji kama ngamia, halidhuriki."

"Na wewe ukaacha?"

"Nikaacha."

Mjomba aliendelea kukunja, kuanzia dirishani hadi karibu na ua la katikati, na kote lililia. Hatimaye akaliachia. "Linatazamika," alisema. "Likitandikwa mahali pasipopitwa na watu, litakaa miaka. Lakini ukimpa bibi harusi, siku watakayoingiza kabati litapasuka mbele ya mama mkwe. Naweza kulipeleka kwa fundi wa viraka, atalia kuliko hili zulia. Samahani, mwanangu."

Giti alikaa chini, palepale juu ya zulia alilokatazwa kulikanyaga utoto wake wote. Hakulia. Alilipapasa tu, akiyasogeza manyoya kwenda na kurudi, nyekundu iliyokoza, nyekundu iliyopauka.

*

Walihamia chumba cha mgonjwa. Kitanda kilikwisha kuondolewa na zulia lilionekana lote, bluu, na maua madogo ya rangi ya pembe za ndovu, na ukingo wa kahawia ya maganda ya jozi. Mjomba Yadollah hakuwa na haja ya kuteremka tena. Alisimama akalitazama kwa muda, akamwomba Mahrokh amgeuzie pembe, akaitazama pia, kisha akalikunja kwa mguu. Halikutoa sauti yoyote.

"Hili," alisema, "mtalikuta limelala hivi hivi wajukuu wa Armaghan wakiwa na meno ya bandia. Pembe zote chini. Upana wa huku na wa kule ni mmoja. Dada yangu alikuwa na mkono."

"Na hapa?" Giti alionyesha mahali katikati, ambapo bluu ilibadilika ghafla ikawa hafifu kwa upana wa kiganja, kisha ikarudi kukolea. "Hii si kasoro?"

"Hapana. Sufu iliisha, ikatiwa nyingine rangini, chungu kikatoka tofauti. Wanaojua wanapapenda mahali kama hapo. Ndiyo dalili kwamba ni watu waliofuma."

Mahrokh alipatazama mahali pale. Hakuhitaji kuelezwa ni lini chungu kilitoka tofauti.

Baba yao alipokufa, Mama Tajmah alisimamisha vitanda viwili vya mfumi, fremu za mbao za kufumia, katika chumba hicho hicho. Kimoja kilikuwa cha mazulia ya wafanyabiashara, yaliyowapa mkate. Kingine kilikuwa cha zulia la harusi ya Mahrokh, ambaye alikwisha kuposwa na Jamshid, mwana wa wakamuaji wa marashi ya waridi kule Qamsar. Mama alikuwa na kauli moja: harusi siku zulia litakaposhuka kitandani. Mchana walifuma la watu. Jioni, wakiwa wamebakiwa na nguvu, walifuma lao. Mama aliimba mchoro kutoka kwenye karatasi ya miraba, mbili za ndovu, ruka moja, tatu za bluu, na Mahrokh alifunga, akakata kwa kisu cha ncha iliyopinda, akapiga kwa chanuo la chuma hadi mabega yakafa ganzi. Zulia lilipanda kama nywele zinavyoota. Watu wa Qamsar walileta marashi mwaka wa kwanza, wakaleta mwaka wa pili. Majira ya waridi yaliyofuata hawakuleta kitu, na jirani mmoja akasema Jamshid ameoa Natanz. Sufu ya bluu iliisha siku hizo hizo. Mama aliagiza nyingine, ikaja hafifu, akaendelea kuimba mchoro kutoka mahali walipoachia. Mahrokh akafunga. Walilimaliza, kwa sababu zulia haliachwi nusu.

Baadaye mama akaugua, kitanda chake cha kulalia kikawekwa juu ya zulia hilo. Mahrokh alilisugua mchuzi, dawa, matapishi, mkojo, kwa brashi laini na maji baridi, akifuata manyoya. Hakukuwa na kipande chake ambacho magoti yake hayakukijua.

"Basi, yamekwisha," alisema Giti, na sauti yake ilijaribu kuwa changamfu. "Hili ni lako, Dada. Ulifuma mwenyewe. Armaghan tutamtafutia lingine."

"Mpe Armaghan hilo," alisema Mahrokh.

"Usifanye hivyo."

"Nisifanye nini?"

"Hivyo ufanyavyo siku zote." Giti alikuwa amegeuka mwekundu. "Unatoa. Unatoa, unanyamaza, halafu mimi nabaki na uso mkononi kwa aibu. Nikija hapa sijui hata nikae wapi. Ukoo mzima unajua nani alimwosha Mama na nani alipiga simu. Sasa nichukue na zulia la harusi yako nikalitandike kwangu? Watasema nini? Mimi mwenyewe nitasema nini kila nikilikanyaga?"

Mjomba Yadollah alianza kutazama dari, kama mtu anayekagua boriti.

 Mahrokh alikuwa amechoka kiasi kwamba hata hasira haikuweza kusimama. "Giti, nisikilize," alisema. "Sikupi zawadi. Sina tena cha kumpa mtu. Hilo zulia mimi nikilitazama, sioni maua. Nasikia mbili za ndovu, ruka moja. Naona hapa pa sufu hafifu, naona pale Mama alipomwaga supu, naona pale alipokuwa akiniita hata nikiwa nimesimama mbele yake. Watu wanasema ni urithi. Ni sawa. Lakini mimi nimelibeba tangu halijawa zulia. Nataka kulitua."

"Unaniambia nilibebe mimi."

"Armaghan hatabeba kitu. Yeye ataona bluu. Ataalika marafiki zake waje kula juu yake, watoto wake watalimwagia juisi, naye atapiga kelele kama mama yeyote. Zulia lilifumwa kwa ajili hiyo, harusi. Ni kwamba tu haikuwa yangu."

Giti alimtazama dada yake kwa muda mrefu, labda kwa mara ya kwanza tangu afike, na aliyoyaona yalimfanya aache kubishana. Alimshika mkono. Vidole vya Mahrokh vilikuwa vimepinda kwenye viungo, na kidole cha shahada kilikuwa na kovu la kisu. Giti aliushika mkono ule, akaanza kulia, na safari hii Mahrokh hakumbembeleza. Alikaa tu karibu naye hadi alipomaliza.

"Na wewe utakanyaga nini huko ghorofani kwako?" Giti aliuliza, akipenga kamasi. "Saruji?"

"Hilo ndilo swali," alisema mjomba, akafurahi kurudi kwenye mambo anayoyajua. "Twende dukani kwangu. Lile jekundu nitalichukua, kuna watu wa kupamba hoteli wanapenda vitu vya kutundika ukutani, na ukutani litatulia. Badala yake, mmoja wenu achague kitu."

*

Mahrokh hakuwahi kuingia duka la mazulia kama mnunuzi. Alizoea kuingia kwa mlango wa nyuma, na gunia la kazi iliyokamilika. Sasa mjomba alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akaletewa chai, na mzee akaanza kumfunulia lundo, zulia moja baada ya jingine, akisimama kupumua kila mara.

"La Nain. Tazama hariri hii."

"Zuri."

"La Kerman. Maua hayo, mtu anaweza kuyanusa."

"Zuri, Mjomba."

"Unasema zuri kama mtu anayemsifu mtoto wa jirani." Alifunua la Tabrizi, akafunua la Kashani, na kila moja Mahrokh alijikuta anainama kutazama mgongo, midomo ikicheza, akihesabu bila kutaka. Kichwa kikaanza kumuuma. Giti alimwona, akamwambia mjomba kwa sauti ya chini, "Labda tuje siku nyingine."

"Lile ni la nini?" Mahrokh aliuliza.

Alikuwa anaonyesha pembeni, nyuma ya mizani ya sufu, zulia dogo nene lililokuwa limekunjwa bila heshima. Mjomba aliguna. "Lile? La wanawake wa Kiqashqai, wale wa kuhama na kondoo. Halina mchoro. Lilikuja pamoja na mengine, sikulipenda wala sikulichukia."

Alilitupa chini. Lilikuwa la manjano ya majani makavu, tupu karibu lote, manyoya marefu, na rangi ikipanda na kushuka bila mpango. Kwenye pembe moja mfumaji alikuwa ameweka mbuzi mmoja mwekundu, mwenye miguu isiyolingana. Hakukuwa na mpaka ulionyooka. Upande mmoja ulikuwa mpana kuliko mwingine.

"Halikukaa sawa," alisema Giti.

"Halijakaa sawa hata kidogo," alikubali mjomba. "Lakini sufu yake ni ya mgongo wa kondoo wa milimani, ina mafuta, na rangi ni ya majani ya porini. Ligeuze uone."

Mahrokh hakuligeuza. Alivua viatu, akasimama juu yake na soksi zake. Miguu ilizama. Alisubiri vidole vyake vianze kuhesabu, na havikuanza, kwa sababu hakukuwa na cha kuhesabu, palikuwa na manjano tu, kama uwanda baada ya mavuno. Alimwazia yule mwanamke aliyelifuma, na akaona kwamba hajui chochote juu yake, kama alikuwa na mama mgonjwa au hana, kama aliolewa, kwa nini mbuzi ni mmoja. Kutojua huko kulimpumzisha.

"Hili," alisema.

"Mwanangu," alisema Mjomba Yadollah, "miaka yote hii nawaambia watu watazame mgongo, wasugue leso, wazunguke upande wa pili. Na mpwa wangu mwenyewe, binti wa Tajmah, anachagua kwa miguu."

"Miguu ndiyo itakayokaa nalo, Mjomba."

Mzee alicheka hadi akakohoa, akaita gari la kulipeleka.

*

Giti aliondoka na basi la alasiri, na zulia la bluu likiwa limefungwa kwa turubai katika sehemu ya mizigo chini ya basi. Kabla ya kupanda alisema atapiga simu Ijumaa, kisha akajirekebisha, akasema hapana, atakuja yeye mwenyewe kumchukua kwa ajili ya harusi, na Mahrokh atakaa mbele pamoja na akina mama wa familia. Mahrokh alisema sawa. Hakuwa na hakika kama atataka kukaa mbele, lakini hilo lilikuwa jambo la vuli, na vuli ilikuwa bado.

Alitembea hadi kwake, akapanda lifti. Vyumba vilikuwa vitupu, vinanuka rangi. Dereva alikuwa ameliacha zulia dogo mlangoni, limesimama limejikunja. Alilivuta ndani, akalitandika karibu na dirisha, na hakujisumbua kulinyoosha pembe. Alikata mkate, akaweka jibini na mboga za majani juu ya kitambaa, akakaa juu ya zulia akala nusu. Chini barabarani mpiga debe alikuwa akiita abiria wa Isfahani.

Makombo yalianguka kwenye manyoya ya manjano. Mahrokh aliyaona. Akajiambia atayaokota kesho, au keshokutwa, akalala ubavu palepale na shela yake kichwani, jua likiwa bado juu.